Kugonga Mara Moja

Alikuwa anasikia kwa meno. Masikio yake hayakuwa ya ajabu. La kushoto lilikufa siku bomu lilipoanguka karibu na soko, na halikufufuka tena. Lakini alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa, iliyomenywa ganda, ndefu kama mkono wa mtu, na ncha yake moja ilikuwa imejaa alama za meno kama gunzi la mahindi. Aliweka ncha moja kwenye chuma cha gari, akauma ile nyingine, akafumba macho. Dereva aliwasha injini. Sisi wengine tulinyamaza. Kisha alitoa fimbo mdomoni, akapangusa mate kwa kiganja, akasema:

"Haiko pale munafikiri."

Na kweli haikuwa pale. Katika miaka yote niliyomjua, kelele haikuwahi hata mara moja kuwa pale tulipofikiri.

Madereva wa Goma walimwita Muzee wa Kelele. Mbele yake tulimwita Muzee tu. Jina la ubatizo wake ninalijua na sitaliandika. Wala sitasema alizaliwa wapi au baba yake alikuwa mtu wa wapi. Kwetu swali hilo huulizwa kwenye barieri za barabarani, na anayeuliza huwa ameshika bunduki. Mimi sikuwahi kumwuliza.

Gereji yake ilikuwa mtaa wa Murara, juu ya mawe ya volkano. Nasema gereji kwa heshima. Ilikuwa kontena iliyoungua upande mmoja, ukuta wa mawe meusi yaliyopangwa bila simenti, na uwanja wenye mashimo ambao alikataa usawazishwe. "Gari ukiitembeza ku kitanda, itasema nini?" alituuliza. Mji wote ni mawe, kwa hiyo magari yote ya mji yanalia. Tulikuwa na mafundi wa injini, wa breki, wa umeme, na wote waliposhindwa walituma watu kwake. Yeye hakugusa injini. Kazi yake ilikuwa moja, kutafuta kelele inatoka wapi. Akishaipata, alizungushia duara la chaki mahali pale, akakutuma kwa mchomea vyuma, akarudi kukaa juu ya tairi lake kuukuu.

Kabla ya kugusa gari alimhoji dereva. Alikuwa na maswali matatu, na utaratibu wake haukubadilika. Ilianza siku gani? Ulikuwa umebeba nini? Ulikuwa unakimbia nini?

Swali la tatu lilikuwa linatuchekesha. Dereva mgeni angejibu, "Muzee, sikukimbia, nilikuwa natembea polepole."

"Hakuna mutu anavunja gari polepole. Ulikuwa unakimbia nini? Mvua? Basoda na bunduki zabo? Bibi yako?"

Sisi madereva tunadanganya, lazima nikiri. Kelele ya miezi mitatu tunasema ni ya jana. Magunia ishirini tunasema kumi. Shimo tulilolipiga kwa sababu tulikuwa tunamtazama mwanamke, tunasema halikuwepo. Yeye alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo niliyasikia labda mara mia moja:

"Gari haidanganye. Shofere njo anadanganya. Na ukinidanganya miye, nitafungua mbele na ugonjwa uko nyuma. Nitatafuta siku nzima pahali hapako kitu."

Siku moja dereva wa parokia alileta gari ya padri. Kwenye kila kona ilikuwa inalia kama kengele ndogo. Muzee akauliza amebeba nini.

"Masista babili na Biblia."

Muzee akaingiza fimbo nyuma ya kiti, akauma, akaashiria gari isukumwe kidogo. Hakuchukua hata dakika moja.

"Hii Biblia yako iko na maji ndani."

Nyuma ya kiti kulikuwa na chupa mbili za kasiksi, pombe ya ndizi, zinagusana mabega. Tulicheka mpaka yule dereva akashika kichwa. "Muzee, iko ya misa!"

"Misa ya ndizi? Ukifika komunyo uniite."

Kama kelele ilikuwa ngumu, alitupakiza mawe. Tulijaza pikapu mawe ya volkano, uzito wa watu kumi na tano, maana alisema gari tupu haiseme kitu, ni kama mtu aliye peke yake nyumbani. Kisha alipanda nyuma, akalala kifudifudi katikati ya mawe, fimbo mdomoni, na dereva akazunguka mitaa ya Murara. Mama wauza nyanya walipiga kelele, "Muzee amekufa leo tena! Munamupeleka makaburi gani?" Yeye aliinua mkono mmoja kuwasalimu bila kuinua uso. Hiyo ndiyo namna pekee niliyomwona akipanda gari. Kukaa mbele ndani ya kabini alikataa kabisa. Nilimpa nafasi mara nyingi mvua ikinyesha, naye aliendelea kutembea, koti kichwani. "Miye najua magari, mambo ya ndani yabo," alisema.

Alichukia redio. Alichukia watu wawili wakiongea pamoja. Niliwahi kumwona akimrushia spana mtu aliyefika akipiga honi, spana ikavunja taa, na yule mtu akaomba radhi kwa kuvunjiwa taa yake. Lakini kanisani aliimba kuliko wote, sauti kama ya lori linalopanda kilima, na daima nyuma ya wenzake kwa neno moja. Wimbo ulipoisha alibaki peke yake na "amina" yake. Hakuona haya.

Jambo lililotushangaza zaidi lilikuwa bati. Juu ya kontena yake kulikuwa na bati lililopoteza msumari. Upepo ukitoka ziwani, bati liliinuka na kushuka: to! Mtu huyu alikuwa anaweza kusikia nati iliyolegea ndani ya gari iliyofungwa, lakini bati la paa lake mwenyewe lilipiga mwaka hadi mwaka. Mke wake alimsema kila siku.

"Msumari moja tu! Moja! Miaka yote ananiambia kesho."

Mke wake alikuwa anapika maharage upande wa pili wa ukuta wa mawe, na madereva wote tulikula kwake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, aliyeongea Kinyarwanda na dada zake, Kiswahili na sisi, na kimya na mumewe. Alimwita Kiziwi mbele ya watu. "Anasikia bulo ya gari imelegea Bukavu," alituambia akipakua, "jina lake hasikii." Na ilikuwa kweli. Ungeweza kumwita Muzee mara tano akiwa kazini, asigeuke.

Mama yule alipata dawa ya uziwi huo. Kwa wasiojua pikapu zetu, nieleze: abiria wanaokaa nyuma hawana njia ya kuongea na dereva. Wanapiga bati la gari. Mara moja maana yake simama. Mara mbili maana yake twende. Hakuna mtoto wa Goma asiyejua. Basi chakula kikiwa tayari, mama alizunguka ukuta na upawa wake wa chuma, akagonga kontena mara moja. To. Muzee aliacha kila kitu, hata kama gari iko juu ya mawe na gurudumu limetolewa, akaja kula.

"Na mara mbili unagonga siku gani, mama?" nilimtania.

"Mara mbili ni siku nitamufukuza."

Sikuelewa Muzee anatofautishaje upawa wa mkewe na bati la upepo, kwani sauti ilikuwa ileile. Nilimwuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anatofautishaje mchana na usiku.

"Upepo haungoje," alisema. "Mutu akigonga, anangoja. Usisikilize kugonga, Shofere. Sikiliza ile kungoja."

Mimi nilikuwa shofere wa pikapu nyeupe. Nilimaliza sekondari nikiwa na ndoto ya kufundisha, lakini nikakamata usukani wa mjomba wangu na sikuuachia. Nilipakia kabichi za Kibumba, kaskazini ya mji, watu wa siku za soko, magodoro, majeneza, chochote. Sikuweza kukaa mahali. Muzee aliniambia, "Weye ni bulo bila nati," yaani bolti isiyofungwa popote, na nilichukua kama sifa.

Kiangazi kimoja pikapu yangu ilianza kugonga. To. Kimya. To. Mara mbili tatu nilisimama nikidhani abiria wananigongea, nao wakacheka. Nikaenda Murara. Maswali matatu, mawe, fimbo. Duara la chaki lilichorwa kwenye mlango wa nyuma, ule unaofunga sehemu ya mizigo. Pini yake ilikuwa imelika, kwa hiyo mlango uliinuka na kushuka kwenye mnyororo wake.

"Pini mupya. Ichomewe leo."

"Kesho, Muzee. Kabichi ziko zinaningoja Kibumba, zitaoza."

Nilikata ukanda wa mpira wa tairi, nikaufunga mlango kwa nguvu. Kelele ikaisha. Aliutazama mpira ule.

"Umeiziba mudomo."

"Kelele ndogo hivi, Muzee, itaua nani?"

"Kelele haiue," alisema. "Kuizoea njo kunaua. Siku mutu atakugongea, utasema ni pini."

Mpira ulikatika baada ya wiki mbili. Nilifunga mwingine, ukakatika, nikafunga mwingine. Katikati ya mpira na mpira, pikapu iligonga, na mimi nilizoea. Nilizoea kama tunavyozoea moshi wa mlima wetu wa volkano: wageni wanaupiga picha, sisi tunaanika nguo chini yake.

Kisha vita ikashuka tena. Sitataja ilikuwa ya akina nani. Mama wa maharage alikuwa amekwenda Rugari, juu zaidi ya Kibumba, kuzika dada yake mkubwa, akabaki huko kukaa kilio cha matanga. Siku ya nne barabara ya kaskazini ilijaa watu, magodoro vichwani, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni. Muzee alifika kwangu mtaa wa Katoyi asubuhi kwa miguu, kombinezoni yake ya kazi ikiwa na mafuta. Alikuwa hajawahi kufika kwangu. Alikuwa hajawahi kumwomba mtu yeyote kitu.

"Shofere, unaenda juu?"

"Muzee, batu bote banashuka."

"Njo maana nauliza."

Nilikubali. Sikusita, na ni jambo moja la siku ile ninaloweza kulitaja bila kuangalia chini. Alishika mlango wa nyuma ili apande, alale kama kawaida yake. Nikamkataza.

"Nafasi yako ni ya mutu wa kurudisha."

Aliwaza, akaona ni kweli, akatoa mkono. Lakini kabla hajatoa mkono aliutikisa mlango, akagusa mpira. Akanitazama.

"Ifunge mara mbili."

Nikafunga mara mbili mbele ya macho yake. Nikaenda.

Nilimkuta mama wa maharage Rugari, kando ya barabara, amekaa juu ya mfuko wake, sufuria magotini, upawa ndani ya sufuria. Kabla sijazima injini pikapu ilikuwa imejaa. Nilimwambia aingie mbele. Alikataa. Alimsukuma ndani mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga wa siku chache, akamfungia mlango, akaenda kuchukua nafasi ya mwisho kabisa nyuma, kwenye mlango wenye mpira. Alipita kwenye dirisha langu.

"Kukiwa shida nitakugongea. Moja. Kama kwa Kiziwi wangu." Akacheka.

Mvua ilianza. Watu wa nyuma walijifunika turubai. Milio ya bunduki ilikuwa nyuma yetu, na mimi niliendesha nisivyowahi kuendesha, nikikwepa watu, nikipiga mashimo yote.

Kwenye kona za kabla ya Kibumba nilisikia: to.

Mpira umekatika, nikasema moyoni.

Baadaye kidogo: to.

Yule mwanamke mwenye mtoto alishtuka. Nikamwambia, "Usiogope, mama. Ni mulango ya nyuma. Iko vile siku zote."

To.

Halafu mikono mingi juu ya paa la kabini, na mayowe. Nilisimama. Mlango wa nyuma ulikuwa unaning'inia kwa mnyororo mmoja. Yeye hakuwepo. Sufuria yake ilikuwa imebaki, imekwama kati ya miguu ya watu. Mzee mmoja chini ya turubai aliniambia, bila hasira, kama anayeeleza njia:

"Aliona pini inatoka. Alikuwa anakugongea na upawa. Sisi tulijua umesikia."

Nilirudi nyuma mbio kwa miguu. Kona ya kwanza hakuwepo. Watu waliokuja mbio walinishika nguo: usiende, wenye bunduki wako pale kwenye kona ya pili, wanampiga risasi kila mtu. Niliwauliza kama wamemwona mama mnene mwenye upawa. Mmoja alisema yuko chini ya barabara, hasogei. Mwingine alisema wamembeba. Mwingine aliendelea kukimbia. Nilisimama katikati ya mvua. Nyuma yangu abiria walilia, "Shofere, batoto! Shofere, twende!" Mtu akagonga bati mara mbili.

Nikarudi, nikashika usukani, nikaenda.

Muzee alikuwa amesimama barabarani Murara, hakuegemea kitu. Aliangalia nyuma ya pikapu, mtu mmoja mmoja anaposhuka, mpaka wote wakaisha. Nilikuwa nimeificha sufuria chini ya kiti changu.

"Sikumukuta, Muzee," nilisema. "Nilifika mpaka Rugari. Hayuko."

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa sababu za dereva.

Siku ya tatu nilichomewa pini mpya na fundi mwingine, mbali na Murara. Siku ya tano Muzee alikuja na fimbo yake. Hakuniuliza kitu. Aliweka ncha moja kwenye mlango wa nyuma, akauma nyingine, akautikisa kwa mkono wake mwenyewe. Mlango haukusema neno. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kazi safi," alisema. "Ilichomewa siku gani?"

"Zamani, Muzee."

Alitikisa kichwa. Yale maswali mawili mengine hakuyauliza. Mwezi ule niliuza pikapu, nikaondoka Goma.

Nimeendesha magari ya watu Butembo, Bunia, Kisangani, Uvira. Kila mahali nilipokaa mwaka mmoja nilianza kuota ukungu wa Kibumba na mawe meusi, na kila nilipoota niliondoka, lakini upande mwingine. Madereva waliotoka Goma walinipa habari bila kujua wananipa nini. Muzee wa Kelele ameacha kazi. Muzee wa Kelele anazunguka kambi za wakimbizi, hema kwa hema. Barabara ikifunguka kidogo anapanda Rugari kwa miguu, anauliza nyumba kwa nyumba, wamemfukuza mara ngapi sijui, wamempiga. Vita ikifunga barabara anashuka. Ikifunguka anapanda. "Muzee yule amerukwa akili," waliniambia. "Kule Rugari anajua kila mti."

Nilikaa na habari hiyo miaka kumi na moja. Kisha nikarudi, bila gari, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo.

Kontena ya Murara haipo. Walinielekeza Munigi, kando ya barabara inayotoka kaskazini. Nilimkuta alasiri kwenye kibanda cha mbao juu ya mawe, amekaa nje, mgongo umeegemea ukuta, kiganja kimoja kimebandikwa kwenye mbao kama mtu anayepima homa ya mtoto. Juu ya paa kulikuwa na mabati mapya na moja kuukuu, jeusi upande mmoja kwa moto wa zamani. Nililitambua. Alilihamisha kutoka Murara, na msumari wake bado haukuwepo. Upepo ulipoliinua na kuliangusha, kiganja chake kilishtuka, kichwa kikainuka kuelekea barabara, kikakaa hivyo, kikashuka.

Alinitambua. "Shofere," alisema. Mdomo haukuwa na jino hata moja.

Nilimsalimu, hakusikia. Nilipaza sauti, jirani mwanamke akatoka kwake na kuniambia, "Papa, unajichokesha. Masikio yote mbili yalikwisha." Nikainama, nikaonyesha bati, nikafanya kwa mikono kama mtu anayepiga msumari: nikutengenezee? Uso wake ulibadilika.

"Acha ile," alisema. "Ile iko yangu."

Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo. Ile ile, imekuwa nyeusi kwa mikono. Ncha yenye alama za meno alinipa mimi. Ncha nyingine aliibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio, akaishikilia kwa vidole viwili.

"Uma," alisema. "Useme."

Nikauma. Meno yangu yaliingia kwenye mashimo ya meno yake. Sikujua nianze wapi, na nadhani alijua, maana alinisaidia.

"Ilianza siku gani?"

Nilimwambia. Siku ya kabichi, siku ya chaki, siku niliyosema kesho.

"Ulikuwa umebeba nini?"

Nilimwambia. Nilisema nilimkuta Rugari, juu ya mfuko wake, sufuria magotini.

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Vita," nilisema. Kisha nikasema tena, kwa sababu meno yalikuwa kwenye mti na kudanganya kulikuwa kugumu: "Siku ile, vita. Kisha weye, Muzee. Miaka yote hii nilikuwa nakimbia weye."

Hakuonyesha kwamba amesikia hilo. Alikuwa anatafuta kitu kingine.

"Aligonga?"

"Aligonga."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Moja, moja, moja."

"Na katikati?"

Nilitaka kuitoa fimbo mdomoni. Aliishika kwa mkono wake mwingine, isitoke.

"Alingoja," nilisema.

Alifumba macho kama zamani, injini ikizunguka. Nilingoja anipige. Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, nadhani.

"Wapi?" aliuliza.

"Kona za kabla ya Kibumba. Ile ya kwanza ao ya pili."

"Kibumba," alisema. Akasema tena polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba. "Kibumba. Miye nilitafuta Rugari."

Aliondoa fimbo nyuma ya sikio lake, akaichukua kutoka kwangu, akaipangusa mate yangu kwa kiganja. Aliiweka magotini. Niliona miaka kumi na moja inampitia usoni. Kila safari aliyopanda na kushuka, alipita kona zile. Alizipita akienda kutafuta mbele.

"Hata kilio sikukaa," alisema. "Ulisema hayuko Rugari. Mutu hayuko pahali, unamukalia kilio namna gani? Nilisema atakuja atagonga."

Nilitoa sufuria kwenye mfuko wangu wa nguo. Nilikuwa nimeibeba Butembo, Bunia, Kisangani, Uvira. Niliiweka mbele ya miguu yake. Hakuigusa, aliitazama tu. Baadaye alirudisha kiganja chake kwenye mbao za ukuta, akageuza uso kuelekea barabara ya kaskazini, na nikaelewa kwamba kazi imekwisha na fundi hana la kuongeza.

Nilisema kwaheri ambayo hakuisikia. Nikashuka kwenye mawe, nikafika barabarani. Nilikuwa nimetembea hatua ishirini hivi kuelekea mjini nilipoisikia nyuma yangu.

To.

Nilisimama. Sikugeuka haraka. Nilisikiliza, kama alivyonifundisha, ile kungoja.

Haikuwepo. Bati liligonga tena hapo hapo, na tena, bila mpango. Ulikuwa upepo. Niligeuka, nikamwona bado amekaa, kiganja ukutani, sufuria miguuni. Bati lilipopiga, kichwa chake kiliinuka.

Sasa alikuwa anajua ni upepo. Kichwa kiliinuka hivyo hivyo.